Kidole cha Pete, Chumba cha Tatu

Kila Alhamisi, ikifika saa kumi kasorobo jioni, Mwalimu alianza kuchoka kabla mwanafunzi hajafika.

Hakuwa mtu wa kuchoka ovyo. Tangu mchana alikuwa amekaa katika sebule ile ile ya mbele, yenye viti viwili visivyo na mikono, kinara cha kuwekea karatasi, na ndoano tatu ukutani: moja ya gitaa, moja ya besi, moja ya ukulele, kigitaa kile cha nyuzi nne. Alikuwa amemvumilia dereva wa gari la wagonjwa, aliyepiga besi kana kwamba anafukuzana na mtu. Alikuwa amewaamua dada wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa tisa, waliogombea ukulele moja na kuiacha nyingine imelala kitini, ingawa zote mbili zilitoka duka moja, siku moja, na zilikuwa na rangi moja. Hao hawakumtoa jasho. Aliyemtoa jasho alikuwa Fundi.

Fundi alitengeneza saa. Alikuwa na miaka sitini na minne, shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono, na alibisha hodi dakika moja kabla ya wakati, si mbili. Hakuwahi kukosa somo hata moja. Hakuwahi kubishana. Kila alichoambiwa alikiandika kwenye kidaftari chenye jalada la bluu, kwa herufi ndogo zilizosimama wima kama askari. Na kwa miezi kumi na minne alikuwa amekwama mahali pale pale, kama gari lililozama kwenye tope na dereva wake akiwa amekaa ndani, mkanda ameufunga, anangoja kwa adabu.

"Karibu, mzee wangu. Habari za nyumbani?" Mwalimu alimpokea gitaa mlangoni kama kawaida.

"Nzuri, Mwalimu. Sista anakusalimu."

Sista alikuwa mke wa Fundi, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake. Mji mzima ulimwita hivyo, mume wake akiwemo.

"Nami namsalimu. Na kazi?"

"Tunashukuru."

Wakati salamu zikiendelea, mkono wa Mwalimu ulikuwa juu ya kichwa cha gitaa, ukizungusha vifunguo vya kukazia nyuzi, kidogo huku, kidogo kule, mpaka nyuzi zote sita zikapatana. Hakuwa anafikiri. Mikono ilifanya kazi hiyo yenyewe, kama mtu anavyopangusa meza huku anaongea. Fundi alipomaliza kusema tunashukuru, gitaa lilikuwa tayari, naye akalipokea kwa mikono miwili, akakaa, akafungua kidaftari.

Shingo ya gitaa imekatwa na vyuma vyembamba, kama ngazi iliyolazwa. Nafasi kati ya chuma na chuma Mwalimu aliziita vyumba, kwa sababu hata watoto walielewa upesi kwamba kidole kinakaa ndani ya chumba, si juu ya ukuta. Na kosa la Fundi, lile lile kila Alhamisi, lilikuwa katika uzi wa tatu.

Fundi alipanga vidole, akavuta pumzi, akapiga. Sauti ikatoka imechacha.

"Kidole cha pete," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiko wapi?"

Fundi aliinama akakichungulia kidole chake kama anayetafuta skrubu iliyodondoka. "Chumba cha tatu."

"Tulisema kikae wapi?"

"Cha pili."

"Sasa?"

"Kimehama tena."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mama mdogo wake Mwalimu, aliyeishi naye na kusikiliza masomo yote bila kulipa hata moja. "Hicho kidole kimeshajenga huko. Kipeni hati ya kiwanja, yaishe."

"Mama mdogo, tunafundishana huku."

"Nami napika huku. Kila mtu na lake."

Fundi alikirudisha kidole chumba cha pili. Alipiga tena, safari hii vizuri. Akapiga mara ya tatu, vizuri. Mara ya nne akili ilipoanza kufikiria wimbo badala ya vidole, kidole cha pete kilijikokota taratibu, kikavuka chuma, kikaingia chumba cha tatu na kutulia kama mwenye nyumba aliyerudi safarini.

Mwalimu alifumba macho. Jambo moja lilimkera kuliko yote: kila sauti ilipochacha, Fundi alikunja uso mapema kuliko yeye. Alikuwa anajua. Alijua, na bado alifanya. Kwa mtoto wa miaka saba angesema ni utundu. Kwa mzee mwenye shati lililopigwa pasi hivyo hakujua aseme nini.

"Mzee wangu, nyumbani unafanya mazoezi?"

"Saa mbili kila siku, Mwalimu. Saa moja kabla ya kufungua kazi, saa moja baada ya kufunga."

"Na nyumbani kidole kinakaa wapi?"

Fundi alifikiri, kwa maana hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Nyumbani kinakubali," alisema.

Mwalimu aliliacha jibu hilo lipite. Watu wazima wengi waliapa kwamba nyumbani walipiga vizuri. Ni kama samaki waliochoropoka ndoanoni, kila mmoja mkubwa kuliko mwenzake.

Tatizo ni kwamba siku zilikuwa zimekwisha. Fundi hakujifunza gitaa kwa kupitisha wakati. Mke wake alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja wodini, na alikwisha waambia wenzake kwamba siku ya kumuaga hataki hotuba. Alitaka kuimba wimbo mmoja, ule wa taratibu aliouimba kila asubuhi akibadilisha shuka, na alitaka mume wake ampigie. Wimbo wenyewe ulihitaji mikao mitatu tu ya vidole. Miezi kumi na minne ilitosha mara kumi. Sasa zilibaki siku tisa, na Mwalimu alikuwa anafundisha mkao wa kwanza.

Yeye mwenyewe alijifunza gitaa bila mwalimu, kwa kuotea, kwa kurudi nyuma, kwa kupoteza miaka miwili juu ya jambo la wiki mbili. Ndiyo maana alipoanza kufundisha aliandika hatua kumi na mbili kwenye karatasi ngumu, akaibandika nyuma ya mlango. Kila hatua ilisimama juu ya mwenzake. Hatua ya sita ilikuwa mikao mitatu bila kosa. Hatua ya tisa ilikuwa kutyuni, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mwenyewe mpaka zipatane. Hakumrusha mtu hatua, awe mtoto, awe mzee, awe nani. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa hatua ya kumi. Wale dada wawili walikuwa ya tisa, na kila mmoja alikuwa anaulegeza uzi wa mwenzake. Fundi alikuwa ya sita tangu mwaka jana.

Ijumaa asubuhi Sista mwenyewe alifika, bado na sare ya kazi, viatu vyeupe visivyotoa sauti. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, mgongo umenyooka.

"Mwalimu, mimi nimezoea kuwaambia watu habari mbaya. Kwa hiyo na wewe usinizungushe. Mume wangu atapiga au hatapiga?"

Mwalimu alitafuta maneno laini, akayakosa. "Mama, mkao wa kwanza bado haujakaa."

"Haujakaa?"

"Haujakaa. Kidole kimoja kinahama. Kila wiki nakirudisha, kila wiki kinahama."

"Lakini nyumbani anapiga. Mimi naimba, yeye ananifuata. Juzi tumerudia mara sita."

"Mama." Mwalimu alisita. "Mtu wako akikupigia, sikio linasamehe."

Sista alimtazama kama alivyozoea kuwatazama wagonjwa waliosema wamemeza vidonge na vidonge viko chini ya godoro. "Sikio langu halisamehi kitu. Huyo mzee akikoroma nje ya mapigo namgeuza upande. Njoo Jumapili saa tisa, usikilize mwenyewe. Halafu ukisema hapana, nitaimba bila gitaa. Lakini utamwambia wewe, maana mimi siwezi."

Aliinuka, akaenda zake. Mama mdogo alitoka jikoni na taulo begani.

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Nitamwambia kwa upole. Nitasema mimi nitapiga, yeye akae karibu na mkewe, amshike mkono."

"Amshike mkono," mama mdogo alirudia. "Miezi kumi na minne anajifunza gitaa, mwisho wake amshike mkono. Hilo si angelifanya bila kulipia masomo?"

Mwalimu alikwenda kuvipanga upya viti vyake viwili. Usiku ule alilala vibaya, na Jumamosi aliwafokea wale dada wawili kwa kosa dogo, kisha akawaomba radhi.

Nyumba ya Fundi ilianza na karakana. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu yenye taa ya kuinama, visahani vya magurudumu madogo kama punje za ufuta, bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa kutoka unene wa penseli hadi unene wa sindano, na ukutani saa kumi na saba zilizokubaliana kwa dakika na kutofautiana kwa sauti. Kwenye kila saa iliyongoja kuchukuliwa palikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe na maneno yale yale: *Tafadhali usifungue nyumbani.*

"Watu wanafungua?" Mwalimu aliuliza, kwa ajili ya kusema kitu.

"Wanafungua," Fundi alisema kwa huzuni. "Unamrejeshea mtu saa nzima, anakwenda kuichokonoa na kisu cha mezani. Halafu anakuletea kwenye mfuko."

Walikaa chumba cha ndani. Sista alisimama kando ya dirisha, mikono mbele. Fundi alilitoa gitaa kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaliweka mapajani, akapanga vidole. Mwalimu alitazama. Kidole cha pete, chumba cha tatu. Akajiandaa moyoni. Akayapanga yale maneno yake ya upole, la kwanza mbele, la pili nyuma yake.

Fundi akapiga, na sauti ikatoka safi.

Mwalimu aliinua kichwa. Fundi alihamia mkao wa pili, na huko kidole cha shahada kilikuwa kimelala juu ya nyuzi mbili, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Safi. Mkao wa tatu, kidole kimoja tena mahali pasipo pake. Safi. Sista akaanza kuimba, sauti ya chini, isiyo na mapambo, na Fundi akamfuata. Alipopunguza mwendo, Fundi alipunguza. Alipokawia kwenye neno, Fundi alimngoja. Wimbo ulikwisha bila sauti moja iliyochacha, na kwa muda zikasikika saa kumi na saba tu kutoka karakana.

"Naomba gitaa," alisema Mwalimu.

Alilipokea. Alipanga vidole vyake mwenyewe, mkao wa kwanza, kama alivyoupanga maelfu ya mara, kidole cha pete chumba cha pili ambako ndiko kwao. Akapiga.

Ilichacha kama maziwa ya juzi.

"Umekosea, Mwalimu," alisema Sista, bila ubaya wowote.

Mwalimu alipiga tena. Ikachacha tena. Fundi alikuwa amekunja uso kwa heshima. Hapo Mwalimu aliugusa uzi wa tatu peke yake, ukiwa wazi, akasikiliza. Ulikuwa umeshuka. Si kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka chumba kizima. Nyuzi nyingine tano zilikuwa karibu sawa.

"Mzee wangu," alisema polepole, "uzi huu umelegea tangu lini?"

"Hulegea Ijumaa," Fundi alisema.

"Ijumaa ipi?"

"Kila Ijumaa. Alhamisi natoka kwako uko juu. Ijumaa jioni umeshuka, unafika hapo unatulia. Basi nami nikaona kidole kisogee mbele, sauti irudi. Mwanzoni ilinichukua kama wiki tatu kuzipata hizo sehemu zote. Alhamisi nikija kwako unaupandisha, tunaanza upya." Alifikiri. "Ni kazi kidogo."

Mwalimu aliweka gitaa mapajani.  Mtu huyu, ambaye yeye alikwisha mweka katika fungu la wasio na sikio, alikuwa amesikia uzi mmoja umeshuka, akatafuta peke yake vidole vya kuuponya katika mikao yote mitatu, akavikariri, kisha kila Alhamisi akaja kuambiwa amekosea, akaandika.

"Mbona hukuukaza?"

Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli. Aliingia karakana, akarudi na kidaftari cha bluu, akakifungua ukurasa wa kwanza, akamsogezea. Juu kabisa, kwa herufi zilizosimama wima, paliandikwa tarehe ya somo la kwanza, na chini yake:

*1. Vifunguo usiguse. Hata kwa bahati mbaya.*

Ikamrudia yote. Somo la kwanza, yeye ametoka kidogo kumfungulia mtu mlango, na huku ndani fundi saa, aliyeachwa na chombo chenye meno na skrubu, akaanza kuzungusha kuona kinafanyaje kazi. Uzi ukakatika na kumkosa jicho kwa upana wa kidole. Mwalimu alikuwa amepata hofu, na katika hofu ile alisema maneno hayo. Kisha akaweka uzi mpya na kuyasahau. Fundi hakuyasahau.

"Lakini hayo nilisema siku ile tu," Mwalimu alisema.

"Hukusema ni ya siku ile tu."

"Miezi kumi na minne, mzee wangu. Hata kuniuliza?"

"Mwalimu, mimi nikimwambia mteja asifungue saa, sitaki aniulize kila wiki kama bado." Aliona uso wa Mwalimu, akaongeza kwa kumfariji, "Skrubu yenyewe niliiona mapema. Ile ya kifunguo cha uzi wa tatu. Imelegea, ndiyo maana uzi unateleza. Ni kazi ya nusu dakika."

"Uliiona."

"Mwezi wa kwanza."

"Na una bisibisi."

"Ninazo thelathini na mbili."

Sista aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kwa kulia.

Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakujua amkasirikie nani. Akimkasirikia mzee, mzee alifuata neno lake. Akijikasirikia mwenyewe, ilibidi aanzie kwenye karatasi ile ngumu nyuma ya mlango, maana karatasi yake ndiyo iliyosema kutyuni ni hatua ya tisa na hatua ya tisa haiji kabla ya ya sita, na kumbe mzee huyu asingetoka ya sita mpaka apewe ya tisa. Amemfungia mtu nje na ufunguo ameuweka ndani, kisha kila wiki anamuuliza mbona huingii.

"Lete bisibisi," alisema.

"Naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa."

Fundi alivaa lenzi yake ya jichoni, akachagua bisibisi ya nne kutoka mwisho, akaikaza skrubu. Haikuchukua hata nusu dakika. Mwalimu aliupandisha uzi wa tatu mpaka mahali pake halali, akaujaribu, ukashika.

"Haya. Sasa kidole cha pete, chumba cha pili, na hakuna tena cha kukihamisha."

Fundi alipanga. Kidole kikaenda cha tatu. Alikirudisha, akapiga, akaanza wimbo, na kwenye neno la nne kikawa kimerudi cha tatu. Walijaribu mara tano. Mara ya sita Fundi aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyekataa kuingia ndani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Sista aliacha kucheka.

"Siku sita," alisema Sista. "Mwalimu, siku sita zinatosha?"

Mwalimu alijua hazitoshi. Kidole kilichozoea njia kwa miezi kumi na minne, saa mbili kwa siku, hakigeuzwi kwa siku sita, hasa siku ambazo mwenyewe ana wasiwasi. Alijua pia dawa ni nini, na dawa yenyewe ilikuwa chungu. Katika miaka yote ya kufundisha alikuwa amerekebisha vidole vya watu ili vifuate nyuzi. Hakuwahi, hata siku moja, kuziharibu nyuzi ili zifuate vidole vya mtu. Kama kuna jambo karatasi yake ilipinga, ni hilo.

Alikitazama tena kile kidole. Kisha akanyoosha mkono na kuulegeza uzi wa tatu, taratibu, chumba kimoja chini.

"Piga," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa avae kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Fundi alipiga. Safi.

"Sasa nisikilize, mzee wangu, na uandike. Bonyeza uzi wa nne, chumba cha nne. Sauti hiyo na sauti ya uzi wa tatu ukiwa wazi, ziwe moja. Zikiachana, unakaza au unalegeza mpaka ziwe moja. Watu wengine wote duniani wanabonyeza chumba cha tano, lakini wewe ni cha nne, mpaka Jumamosi ipite. Baada ya Jumamosi tutaanza upya, na hutanisumbua."

Akauvuruga uzi kwa makusudi na kumpa. Fundi alifumba macho, akazungusha kifunguo mara moja, akarudisha kiduchu, akafumbua macho. Mwalimu alijaribu. Uzi ulikuwa umekaa pale pale. Dereva wa gari la wagonjwa alihitaji wiki tano kufika hapo, na bado alikuwa anakisia.

"Ni kama kusikiliza saa mbili," Fundi alieleza. "Zikipishana unasikia."

"Ndiyo," Mwalimu alisema, amechoka. "Nimesikia kwamba unasikia."

Jumamosi alasiri ukumbi wa chakula wa hospitali ulikuwa umejaa. Meza zilisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa mistari, na kipaza sauti kikapiga mluzi kila kilipoguswa. Mwalimu alikaa mstari wa tatu na mama mdogo wake, ambaye alisema amekuja kukiona kidole kwa macho yake.

Hotuba zilitolewa nne, ingawa Sista alikuwa amezikataa. Kisha akaitwa, akasimama mbele kwa gauni la kijani ambalo wengi hawakuwahi kumwona nalo, na Fundi akaenda kulichukua gitaa lake, alilokuwa ameliegemeza kwenye kiti cha pembeni. Gitaa halikuwa pale. Kuna muuguzi aliyekitaka kiti, akalihamisha, na sasa akalileta mbio akitabasamu, amelishika kwa kichwa, kwa kiganja kizima, vifunguo vyote ndani ya ngumi.

Fundi aliketi. Akauweka juu ya gitaa mkono wake wa shati lililopigwa pasi, akagusa nyuzi kidogo tu, kujaribu. Ukumbi haukusikia kitu. Fundi alikunja uso, na Mwalimu, safari hii, alikunja wakati ule ule.

Uzi wa tatu ulikuwa umepanda.

Sista alikwisha vuta pumzi ya kuanza. Aliishikilia. Watu walitulia wakingoja. Na Fundi, badala ya kufanya jambo ambalo sasa alilijua kuliko wanafunzi wote wa Mwalimu, aliinua macho, akatafuta mstari wa kwanza, wa pili, akampata Mwalimu katika wa tatu. Mkono wake ulikuwa hewani, nusu ya njia kuelekea vifunguo.

Mwalimu alielewa. Ruhusa ile ilitolewa nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba ni ya ukumbini pia.

Alitikisa kichwa kukubali. Fundi hakusogea. Kutikisa kichwa kunaweza kuwa na maana nyingi. Alitikisa tena, kwa nguvu zaidi, akaonyesha kwa kidole. Mtu wa mstari wa mbele aligeuka kuona Fundi anamtazama nani. Sista bado alikuwa na pumzi kifuani.

"Mwambie basi," mama mdogo alinong'ona. "Huyu atakaa hivyo mpaka naye astaafu."

Mwalimu aliinuka. Katika maisha yake hakuwahi kupaza sauti mbele ya watu.

"Gusa, Fundi," alisema, na sauti ilifika hadi jikoni kwa wapishi. "Leo, kesho, na siku zote. Gusa."

Vichwa vyote vilimgeukia. Akakaa, masikio yanawaka. Mbele kule Fundi aliinamisha kichwa kwa shukrani, akabonyeza uzi wa nne, chumba cha nne, akafumba macho, akazungusha kiduchu. Alitumia muda mfupi kuliko mtu anavyofunga kifungo cha shati. Kisha akampa mke wake ishara, na Sista akaiachia ile pumzi, nayo ikatoka ikiwa wimbo.

Alipiga vizuri. Hakupiga kama bingwa. Alipiga kama mtu anayemjua anayeimba. Sista alipofika kwenye ubeti wa pili, sauti ilimkatika kidogo, na gitaa likangoja hapo hapo bila kumkimbia, mpaka alipoweza. Wauguzi wa wodi ya wanawake walikuwa wanalia waziwazi, kwa namna ya watu waliozoea kulia bila kuacha kazi.

Mwalimu alijaribu kutoutazama ule mkono wa kushoto. Akautazama. Kidole cha pete kilikuwa chumba cha tatu, kimetulia, hakina wasiwasi na mtu. Alianza kuhesabu itachukua Alhamisi ngapi kukitoa huko: ishirini, pengine thelathini, na kila moja mzee atafika dakika moja kabla ya wakati, atauliza anaruhusiwa kufanya nini, ataandika.

"Unafanya nini?" mama mdogo alimnong'oneza, akimtazama magotini.

Mwalimu alitazama chini. Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa juu ya goti, unafuata wimbo pamoja na Fundi, mkao kwa mkao. Kidole cha pete kilikuwa kimesogea chumba kimoja mbele.

"Haya sasa," alisema Mwalimu kwa kukata tamaa, "na mimi."